Chumba Chenye Mtu Ndani

Jumapili, 12 Mei 2024

Nimesaini. Mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri, Geofrey dalali kachukua chake, na Cecilia kanihesabia kodi ya mwaka mzima hapa mezani, pembeni ya kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mwaka mzima! Tangu nijenge nyumba hii sijawahi kushika kodi ya mwaka kwa mkupuo mmoja.

Ni mtumishi wa wizara, anahamishwa kutoka Dar. Mstaarabu – kaniamkia vizuri, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Anakuja na mama yake mzazi, Bibi Erica, ambaye miguu imekufa ganzi, hatembei bila kushikwa. Kwa hiyo sharti lake ni moja tu: choo kiwe ndani. Hawezi kuwa anamvusha mgonjwa uani na upepo huu wa Dodoma. Kavipenda vile vyumba viwili vya upande wa kushoto. Nitajenga choo kwa hiyo hiyo kodi yake, na yeye anahamia Jumamosi ya mwisho ya Juni.

Vyumba vyenyewe vina watu. Swalihu na mkewe Mwanaidi, mwaka wa tatu sasa. Hao hulipa mwezi kwa mwezi, tena mpaka niwakumbushe. Geofrey anasema chumba chenye mtu ndani nacho ni chumba, mtu huwa anaondoka. Nimewapa mwezi na nusu wajitafutie pengine, na si haba, wengine hutoa wiki mbili. Swalihu aliinamisha kichwa akasema sawa mama, nyumba ni yako. Mwanaidi aliendelea kuchambua mchicha.

Leo nimefurahi. Basi mbona nimeandika habari za mchicha.

Jumanne, 21 Mei

Fundi katoboa ukuta wa nyuma wa chumba cha pili. Vumbi mpaka kwenye sukari. Swalihu na mkewe wamejibana wote chumba cha mbele, wao na vyombo na makapu ya samaki. Swalihu hununua perege wakavu Mtera, anakuja kuwauza sokoni Majengo. Miaka mitatu nyumba yangu inanuka samaki, nimegomba hadi nimechoka.

Shimo nalo limekuwa balaa. Fundi alisema futi kumi, kazi ya siku mbili. Futi ya sita kakutana na mwamba! Sasa anataka vijana wa kupasua, na vijana wanataka chao. Halafu choo cha ndani bila maji ni fedheha tupu, na huku Nkuhungu maji ya mgao yanakuja yanapotaka. Ikabidi tenki. Tenki likataka mnara, mnara ukataka pampu. Kodi ya Cecilia naiona inavyoondoka. Edina nesi na wale walimu wawili wa vyumba vya kulia walishalipa hadi Desemba, nami nilishaimaliza kwenye bati. Kiinua mgongo changu kimo humu humu ukutani. Watu wanapita nje wanasema Bi Sabiha ana nyumba, Bi Sabiha kajipata. Wangejua Bi Sabiha leo kala viporo vya juzi.

Saa nne nimemkuta Mwanaidi anampelekea fundi chai na maandazi. Fundi anayemjengea choo mtu wa kuja kumtoa! Nikamwambia mwanangu usijisumbue, huyu nimepatana naye bila chakula. Akanijibu, "Mtu akifanya kazi kwako unampa chai, mama." Kwako, kasema.

Alhamisi, 6 Juni

Swalihu alikuja baada ya Alasiri, kakaa ukingoni mwa kiti. Kapata chumba Chang'ombe, kizuri kiasi, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Anaomba nimwachie mpaka mwisho wa Julai akamilishe.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza habari ya Cecilia, mkataba, mgonjwa. Hapo ningenyamaza ingetosha. Lakini mimi na mdomo wangu! Nikamwongezea nasaha juu yake: kila mwenye nyumba siku hizi anataka sita, ndiyo desturi ya mji, mimi nilikuwa nawadekeza tu. Akacheka kidogo, akasema kweli mama ulitudekeza. Ataongeza safari. Badala ya Mtera mara moja kwa wiki, atakwenda mara tatu, na atapanda pikipiki ya mwenzake apunguze nauli.

Nikamwambia Mungu akuwezeshe. Nikaendelea na redio yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Choo kimekwisha! Marumaru ya bluu, vishikio vya chuma ukutani kwa ajili ya bibi. Nimevuta maji mara nne kama mtoto. Fundi ananicheka.

Jumatano, 12 Juni

Swalihu amefariki. Barabara ya Mtera, alfajiri. Pikipiki na lori.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siwezi.

Ijumaa, 14 Juni

Kazikwa jana kwao Chemba. Ndugu zake walimchukua moja kwa moja kutoka hospitali, maiti isingeweza kungoja. Mwanaidi alionyeshwa uso tu, dakika chache, kisha gari likaondoka. Akarudishwa hapa na bajaji, Edina kamshikilia kiuno.

Wanawake wa mtaa wamejaa uani tangu juzi. Mikeka, masufuria, watoto. Wamemkalisha chumba cha mbele, wamemvalisha kaniki, pazia wameshusha. Nilikuwa nakoroga uji wakati mmoja wao aliposema kwa sauti ya kawaida tu kwamba haya, mwenzetu ndiyo hatoki tena humo, miezi minne na siku kumi.

Mwiko ukasimama mkononi. Nikahesabu kwa vidole chini ya kanga. Mwisho wa Oktoba. Na Jumamosi ya Cecilia imebaki wiki mbili. Mtu kafa, mkewe analia upande wa pili wa pazia, na mimi nahesabu! Nilijichukia hapo hapo, lakini vidole havikuacha.

Eda sikuanza kuijua leo. Nimeikaa mwenyewe. Ila kichwani mwangu wale watu wawili walikuwa wameshahama tangu siku ile niliposaini. Haikunijia kwamba msiba unaweza kumkuta mtu ndani ya chumba ambacho nimeshakipangisha kwa mwingine.

Jumatatu, 17 Juni – Idi

Idi gani. Nimempelekea Mwanaidi pilau, kala matonge mawili kwa ajili yangu. Akaniuliza kama nilimwona Swalihu akiondoka asubuhi ile, alikuwa amevaa koti? Maana barabara ile alfajiri ina baridi ya kukata masikio, na yeye alikuwa hajaamka vizuri, hakumbuki. Nikasema ndiyo, alivaa. Koti lipi, mama, lile la kijivu? La kijivu.

Sikumwona. Nilikuwa nimelala.

Kitu kingine. Tangu choo kikamilike Mwanaidi hajakitumia hata mara moja. Kiko hatua nne kutoka kitandani kwake. Anajitanda gubigubi anakwenda kile cha shimo uani, na ndoo yake, anarudi. Edina kamuuliza, kajibu kwamba kile kina wenyewe.

Jumatano, 19 Juni

Kaka wa marehemu, Hanifu, kaja kutoka Chemba kumjulia hali shemeji yake. Mtu mzima, mpole, mikono ya jembe. Nikaona ndiyo nafasi. Nikazunguka mbali, nikasema mjane huwa anapata faraja zaidi akiwa na ukoo, Chemba kuna nafasi, kuna hewa.

Akanieleza. Chemba kuna mke mkubwa wa Swalihu na watoto wanne, naye yumo edani nyumbani kwake. Hawajawahi kupatana na Mwanaidi, na kuwaweka chini ya bati moja sasa hivi ni kuwaongezea msiba. Kwa upande wa Mwanaidi wazazi hakuna, kuna shangazi tu Mpwapwa. "Na isitoshe, mama," akasema, "nyumba yake ni hii. Humu ndimo mumewe alimoaga." Kisha akaniangalia. Kwani kuna tatizo lolote?

Nikasema hakuna.

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumsitiri shemeji yake. Kaniachia chupa ya asali.

Ijumaa, 21 Juni

Baada ya swala nimekwenda kwa Sheikh Abubakari. Nilijifanya nauliza kwa niaba ya mtu. Mjane anaweza kuhama nyumba kabla eda haijaisha? Akasema ana mimba? Maana mwenye mimba eda yake huisha akijifungua. Nikasema hana. Jana wakati namwekea maji nilimtazama tumbo. Mwanamke mzima nimefika kumtazama mfiwa tumbo, naomba liwe limejaa!

Akasema basi hahami. Atakaa alipofikwa na msiba. Isipokuwa kwa dharura – nyumba inaanguka, au anahofia nafsi yake, au mwenye nyumba kamtoa. "Akitolewa na mwenye nyumba atahamia penye usalama, amalizie eda yake huko. Yeye hana dhambi." Akafuta miwani kwa kanzu. "Aliyemtoa, hilo ataulizwa yeye."

Nikauliza, na akiondoka mwenyewe tu, kwa kumhurumia mwenye nyumba? Hapana, akasema. Asitoke kwa kumwonea mtu haya. Kisha akaniuliza huyo mwenye nyumba ni wa mtaa gani. Nikasema wa mbali.

Uongo wote ule wa nini? Jibu nilikuwa nalijua tangu mwaka 2003. Nilikwenda kuuliza nikitumaini labda limebadilika.

Mume wangu alipofariki tulikuwa kwenye nyumba ya ofisi yake. Siku ya thelathini na nne ya eda ikaja barua. Barua nzuri, mimi katibu muhtasi najua barua nzuri: aya tatu, pole iko aya ya kwanza, siku saba ziko ya tatu. Za namna ile nilishazipiga mashine mwenyewe ofisini kwetu, za wajane wengine, nikazikunja, nikatia kwenye bahasha, nikaenda kula. Nikabeba mafurushi kwenda kwa kaka yangu Majengo, mchana kweupe, na kaniki yangu. Wanawake wakasema Sabiha kavunja eda. Sheikh wa wakati ule ndiye aliyewanyamazisha, kwa maneno haya haya ya leo. Usiku ule nikaapa nitajenga nyumba ambayo hakuna mtu wa kunitoa.

Nimejenga. Hakuna wa kunitoa.

Jumapili, 23 Juni

Nimempigia Cecilia. Nilijiandaa asubuhi nzima kama ninakwenda kwenye usaili. Nikamwambia msiba, eda, Oktoba. Akasema pole sana mama, akaniuliza marehemu alikuwa na umri gani. Thelathini na nane. Akaguna.

Nikampa wazo langu: achukue vyumba vyangu mimi, viwili hivi vya mbele, mimi nitalala stoo mpaka Oktoba. Kwa moyo safi. Akauliza kwa upole choo kiko wapi. Nikasema uani.

"Mama, nyumba ya huku nimeshakabidhi," akasema. "Kama ni shida unirudishie tu kodi yangu nitafute pengine, sina ubaya. Lakini mama yangu anachuchumaaje?"

Kodi yake iko ardhini futi kumi na juu ya mnara. Siwezi kufukua choo nikamrudishia. Mkataba unasema nimrudishie ndani ya siku kumi na nne, la sivyo twende baraza la ardhi, na baraza litatazama nini? Litatazama nyumba. Mali yangu ni nyumba tu.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Angegomba ningepata nguvu ya kugomba nami.

Nikampigia na Anifa, mwanangu, Mwanza. Kasema mama, biashara ya nyumba haina huruma, mtoe kistaarabu. Halafu akauliza, mama, si na wewe ulitolewa? Alikuwa na miaka kumi na moja. Yeye ndiye aliyebeba sufuria.

Jumatano, 26 Juni

Nimefanya jambo la aibu leo. Nitaliandika kama lilivyo.

Geofrey kaja. Anasema mama yangu, haya mambo yana njia zake, wewe funga maji, toa waya wa umeme kwa bahati mbaya, siku tatu mtu anaondoka mwenyewe. Nikamwambia toka na ujinga wako. Hapo nilikuwa mtu.

Lakini tulikuwa tumesimama wapi? Chini ya dirisha la Mwanaidi. Nami nilijua. Uani kuna mahali pote pa kusimama, kuna benchi, kuna kivuli cha mnara. Nikamweleza Geofrey, ambaye ni Mkristo na hakuniuliza, hukumu yote ya Sheikh Abubakari, neno kwa neno. Kwamba mjane akitolewa na mwenye nyumba hana dhambi. Kwamba anaruhusiwa kumalizia eda pengine. Nikamweleza na habari ya baraza, na nyumba kuuzwa. Kwa sauti. Geofrey akanishangaa, akasema mama mbona kama unahutubia.

Pazia halikutikisika. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu.

Alhamisi, 27 Juni

Maji nimemwekea Mwanaidi mlangoni kama kila siku. Kasema ahsante mama, kama kila siku. Hakuna lililobadilika.

Mchana nikasikia anapiga simu. Ukuta kati yangu na yeye niliujenga wa tofali moja, nilikuwa nabana saruji. Sikusikia maneno. Nilisikia jina la Mpwapwa.

Ijumaa, 28 Juni

Kamtuma Edina aniite. Nikaingia, nikakuta chumba kimefagiliwa mpaka mvunguni. Kakaa mkekani, kakonda, macho makubwa. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akanikaribisha nikae juu kitandani, nikakataa, nikakaa naye chini. Harufu ya samaki imeisha kabisa mle ndani. Niliigombea miaka mitatu, na leo nimeitafuta sikuiona.

Akasema, "Mama, niambie nitoke."

Nikajifanya sikuelewa.

"Nilikusikia juzi na Geofrey," akasema. Bila kinyongo, kama mtu anayesema nilisikia mvua. "Nikitoka mwenyewe nitakuwa nimeivunja eda, na Swalihu sina kingine cha kumfanyia ila hiki. Ukinitoa wewe, niko salama. Shangazi Mpwapwa kakubali. Kesho kuna basi la saa sita. Bado neno lako tu, mama."

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Kisha akasema, "Nitakuombea. Eda yote nitakuombea."

Hapo nikalia. Nimelia mbele ya mfiwa, yeye ndiye ananipangusa na ncha ya kaniki yake! Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Swalihu alikuja kuomba mwezi mmoja nikamnyima. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia miezi sita ni desturi. Akasema najua mama, aliniambia siku ile ile. Alisema Bi Sabiha kasema kweli, tulikuwa tunadekezwa. Akatabasamu kidogo, jinsi alivyokuwa akitabasamu marehemu anapochelewesha kodi.

Habari ya koti sikuigusa. Sina ujasiri huo.

Nikasema nitamwambia kesho. Akasema sawa, ila mapema, basi lisije likamwacha.

Jumamosi, 29 Juni

Lori lilifika saa tatu kasoro. Makabati, jokofu, kiti cha magurudumu kimefungwa juu kwa kamba. Wapagazi wanne. Wa kwanza aliingia uani na godoro kichwani, Edina akamwambia kule kushoto yumo mjane wa eda. Akarudi kinyumenyume na godoro lake. Wenzake nao wamekataa kuvuka geti. Mmoja ana msalaba shingoni, naye kakataa, anasema hata kwao mjane hapitiwi na mizigo usoni. Wamekaa kando ya lori wanatafuna karanga. Dereva analalamika lakini naye hasogei.

Cecilia kashuka, kaniamkia. Macho mekundu ya safari. Akauliza mama, hukumwambia? Nikasema namwambia sasa hivi.

Bibi Erica alikuwa mbele, kando ya dereva, kafungwa shuka mapajani. Hajashuka tangu Morogoro. Akamwita bintiye, akamnong'oneza. Cecilia akanitazama, akatazama choo cha uani, akanitazama tena. "Anataka choo," akasema. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Mleteni bibi huku."

Tumembeba wawili, mimi kwapa hili, Cecilia kwapa lile. Mzito, na anaomba radhi kila hatua. Mwanaidi alikuwa kasimama katika mlango wa ndani, kaniki kichwani, kaushikilia mlango wa kile choo. Akampokea. Akaingia naye. Nikasikia anamwelekeza, shika hapa bibi, na hapa, taratibu. Kisha maji yakavutwa. Yeye ndiye wa kwanza kumsaidia mtu kukitumia.

Alipomtoa akamkalisha kitandani kwake. Bibi Erica akapumua, akaitazama kaniki yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha Bukoba ni nani amekufa, mwanangu. Mume wangu. Wa lini? Wiki mbili na nusu. Bibi akamshika mkono. Sijui kama Cecilia alimweleza mama yake hata nusu ya habari. Nadhani hakumweleza. Bibi anadhani Mwanaidi ni mwenyeji aliyekuja kuwakaribisha.

Godoro la Mwanaidi limekunjwa. Mafurushi mawili, kapu moja. Cecilia aliyaona, akageuza uso, akatoka nje. Yupo kwenye lori sasa, kaegemea tairi, simu mkononi lakini haipigi.

Mimi nilisema nachukua funguo, nikaingia chumbani kwangu. Funguo ziko mapajani. Nimekaa nusu saa naandika.

Nimelijaribu neno. Nimelisema polepole kwa ukuta wa huku. Toka. Mwanangu, toka. Miaka thelathini nimeandika maneno ya wakubwa na sikuwahi kusema hata moja kwa mdomo wangu. Na nikijaribu la pili – kaa – naliona lori, naona mama mtu mzima anakalishwa barabarani na upepo huu, naona bango la mnada getini kwangu. Huyu naye kosa lake nini? Alilipa. Kosa la Mwanaidi nini? Alifiwa. Natafuta mwenye kosa mwingine humu ndani simwoni.

Saa tano na nusu. Basi ni saa sita.

Cecilia kagonga dirisha. Mama, umeshamwambia? Nimejibu nakuja.

Upande wa pili wa ukuta bibi anasimulia kitu, Mwanaidi anaitikia ee, ee. Sasa wamenyamaza. Sasa Mwanaidi ananiita.

"Mama. Niko tayari."

Nimesimama. Nimekaa tena.